Mdhamini Mwenye Pembe

Paukwa!

Pakawa.

Aa! Mnaitika kinyonge hivyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, simbi zilipokuwa ndizo pesa, aliishi Bi Kwale, mjane, muuza bajia za kunde. Bajia zake, jamani! Nje kachu-kachu, ndani laini. Ukila moja, mkono wenyewe unafuata ya pili. Kwa bajia hizo aliwalisha vifaranga wake.

Kunde alilima mwenyewe. Mafuta aliyaleta Mamba kutoka ng'ambo ya mto. Kibuyu kimoja, simbi moja. Siku moja Mamba akasema, "Simbi zenu zimeshuka thamani. Lete tatu." Kesho yake, "Lete saba." Mara wanyama wa ng'ambo wakagombana na wa huku, kivuko kikafungwa. Mafuta hakuna! Kikaango cha Bi Kwale kikakauka kau. Vifaranga wakalia njaa, chi-chi-chi, mama yao akawa hana la kuwapa.

Mfalme Simba akasikia. Akapiga ngoma, ti! ti! ti! "Wachuuzi wadogo! Ghalani mwangu mna mafuta. Njooni mkopeshwe kwa bei ya zamani!"

Bi Kwale huyoo, mbio na kibuyu chake. Mlangoni akamkuta Fisi, mtunza ghala.

"Una mdhamini mwenye pembe?" akauliza Fisi.

"Pembe za nini? Mimi nakaanga bajia."

"Ndiyo sheria ya ghala. Huna mdhamini mwenye pembe, hupewi."

Akaenda kwa Nyati. Nyati akasema, "Nitakudhamini, lakini nusu ya mafuta ni yangu." Akaenda kwa Kifaru. Kifaru hata hakumtazama. Akarudi ghalani, na nani anatoka? Tembo! Vibuyu vya mafuta vimejaa mgongoni, pembe zinang'aa.

"Bwana Tembo, nawe ni mchuuzi mdogo?"

"Mdogo sana," akasema Tembo. "Muulize babangu."

Weee! Hasira zilimpanda Bi Kwale mpaka manyoya yakasimama. Hakulia. Alikwenda nyumbani, akabeba mafiga, akabeba kikaango, akawaita wanawe. Akarudi mlangoni mwa ghala, pale pale, akawasha moto, akateleka kikaango kitupu. Akaimba:

Siondoki, siondoki,
kikaango kikavu, siondoki!

Pimbi muuza karanga akaja na mafiga yake. Njiwa akaja. Kindi akaja. Wote siondoki! Moshi ukajaa ghalani, fuuu! Tembo akarudi kuchota tena, njia hakuna.

"Nitawakanyaga!"

"Kanyaga," akasema Bi Kwale. "Anza na mimi."

Tembo akasitasita. Fisi akatoka mbio kumwita Simba. Simba akaja ananguruma, nguuurr! Pimbi akajificha nyuma ya karanga zake. Bi Kwale hakurudi nyuma.

"Nani anafunga ghala langu?"

"Mimi, Mfalme. Ulipiga ngoma ukatuita wadogo. Nionyeshe mdogo mmoja aliyepata hata tone!"

Simba akamgeukia Fisi.

"Hawana mdhamini mwenye pembe, Mfalme," akasema Fisi. "Sheria hiyo niliiweka mimi, mali yako isipotee."

Bi Kwale akacheka. "Mfalme, kwa sheria hiyo, hata wewe mwenye ghala usingeaminiwa kumdhamini mtu kwa kibuyu kimoja."

Simba akainua kiganja, akajipapasa kichwani. Masikio yapo. Manyoya yapo. Pembe hakuna.

Akamtazama Fisi. Fisi akatazama chini.

"Sheria hiyo imekufa leo," akasema Simba. "Tembo, rudisha vibuyu. Mafuta yakagawiwe sokoni, kila mwenye kikaango apimiwe penye mafiga yake. Na wewe Fisi, utayabeba mwenyewe."

"Na tutalipa!" akasema Bi Kwale. "Hatukuja kuomba sadaka."

Siku ile sokoni, chwaaa! kila kikaango. Vifaranga wakala bajia mpaka wakashindwa kutembea.

Basi watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Msaada wa mdogo ukipitia mlango wa wakubwa, wakubwa ndio wanaoshiba. Mdogo asiombe kwa kunong'ona. Chake na akidai mlangoni, hadharani, na wenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba alale, mwenye njaa akadai chake.