Ukaguzi wa Pikapu ya Tabu

Tabu, muuza vitunguu, alinunua pikapu kuukuu nchi jirani. Mpakani, mkaguzi Mwasomola aliitamani kwa kubebea vyakula vya harusi ya bintiye.

"Mama, iache hapa wiki nzima niikague," alisema akitia funguo mfukoni.

"Sawa, mheshimiwa," alijibu Tabu kwa unyenyekevu. "Ila ikikwaruzika nisije nikakusingizia. Niandikie kwamba umeitazama yote, na leo ni nzima."

Mwasomola aliona mama huyu anamkinga. Akaizunguka pikapu, akaandika, "Nimeikagua, haina kasoro." Akasaini, akagonga muhuri.

Tabu akampa karatasi mlinzi wa geti. Mlinzi akaisoma, akainua kizuizi.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Tabu akinyoosha mkono. "Kumbe ukaguzi wenyewe hauchukui wiki. Naomba funguo."