Jicho la Angani la Jemadari Zumo

Katika nchi moja ya vilima, Jemadari Zumo alipanga jeshi liwe na jicho angani: puto kubwa, chini yake kikapu, na ndani ya kikapu mtu wa kupeleleza majeshi ya jirani. Kituo cha puto akakichagua shambani kwa Shekue, mkulima mwenye maneno mengi, penye mihogo iliyokaribia kuvunwa.

"Shamba nalichukua kwa ajili ya ulinzi," alisema Jemadari.

"Lichukue, mkubwa. Ila niwe wa kwanza kupanda. Watoto wakiuliza mihogo iko wapi, angalau niwaambie nilipaa."

Jemadari akacheka, akakubali. Puto likapaa, likaelea juu ya mji, kisha likavutwa chini kwa kamba. Mfalme alikuwa ameshaketi na baraza lake hapo shambani, kwani desturi ya nchi ile ilimtaka mpelelezi aseme mbele ya watu yote aliyoyaona, asifiche hata moja.

Shekue alitoka kikapuni akiyumba, akamnong'oneza Jemadari.

"Mkubwa, nianze na mpakani, au nianze na yale ya nyuma ya nyumba yako?"

Jemadari alitokwa na jasho. Akamgeukia Mfalme.

"Mtukufu, mpango huu bado mchanga. Tuwaachie wajukuu. Na shamba la watu lirudishwe leo hii."

Jioni, mkewe Shekue alikuwa akimenya muhogo. "Kwani nyuma ya nyumba yake kuna nini?"

"Nitajuaje? Mimi hata mnazi naogopa kupanda. Nilifumba macho tangu kamba ilipolegezwa mpaka nilipokanyaga chini."