Nguchiro, Pimbi na Programu Yenye Kufuli

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma, mmemeza mchanga? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na kanisa. Tena kanisa lenye kompyuta! Msiniulize umeme ulitoka wapi, ngano ni yangu. Katibu wa kanisa alikuwa Nguchiro. Mdogo wa mwili, mkaidi wa roho. Kila Jumapili alibonyeza, ta! ta! ta! Nyimbo zikatokea ukutani, waumini wakaimba.

Mwaka mmoja moto ukala vilima. Pimbi wakakimbia, wakaja kanisani, wakaketi nyuma. Wengine wakiimba, wao kimya. Lugha hawaijui. Bibi Pimbi, kikongwe wao, akawa analia tu.

Jambo hilo likamuuma Nguchiro. Akamwendea. "Shikamoo, bibi. Mbona hamwimbi nyimbo zenu?"

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akajibu kwa kubabaisha. "Tumebaki kumi na wawili. Sauti hazitoshi. Nami sitaki kufa bila kuusikia tena wimbo wetu."

"Krismasi kanisa zima litaimba nanyi. Maneno nitayaweka ukutani. Nimesema!"

Akakaa kwenye kompyuta. Kipimbi kina herufi moja yenye mkia. Akaiandika. Ti! Programu ya kuonyesha nyimbo ikakataa. Akaandika tena. Ti! Ikakataa.

Akamfuata Ngedere, aliyeitengeneza. "Kaka, niongezee herufi moja tu."

"Kwa ajili ya pimbi kumi na wawili?" Ngedere akacheka, kwa kwa kwa!

"Basi nifungulie, niiongeze mwenyewe."

"Thubutu! Nimepiga kufuli, ndani haingii mtu. Na hebu kwanza, hiyo yenu nani aliwapa? Mimi sikuwapa."

Lo! Nguchiro akanywea. Kumbe aliinakili kwa rafiki yake, kimyakimya. Na Mchungaji Nyumbu akaiwekea mikono, akaiombea baraka. Jamani! Kanisa zima likaitikia amina juu ya kitu cha wizi!

Jumapili Nguchiro akasimama mbele ya waumini. "Mchungaji, programu uliyoiombea niliiiba mimi."

Mchungaji Nyumbu akainamisha pembe. "Nami sikuuliza ilikotoka. Ifute."

"Tutaimbaje?" waumini wakalalamika.

"Tutaimba tunazozijua kwa moyo," Mchungaji akajibu.

"Na pimbi?" Nguchiro akauliza. Akajijibu mwenyewe. "Basi pimbi wataimba. Niliahidi, na aibu yangu haifuti ahadi."

Akaifuta. Kisha akaenda kwa Mchwa. Mchwa wana desturi yao. Akijenga mmoja, wote wanaona alivyopanga udongo, na anayekuja anaendeleza. Hata programu zao ni huria.

"Chukua hii ya nyimbo," Mchwa wakasema. "Isome, ibadilishe, mgawie jirani. Ila ukiongeza jambo jema, usilifiche."

"Nitaiweza?"

"Kufuli haina. Lakini usidhani ni mteremko."

Na kweli haikuwa mteremko! Nguchiro akasoma, akakosea, akafuta. Akasoma, akakosea, akafuta. Kompyuta ikazima, puu! Akaiwasha. Wiki ya tatu akasema, "Basi, nimeshindwa." Akamwona Bibi Pimbi anapita, amekonda. Akarudi kuketi. Akawauliza Mchwa, wakamwonyesha alipokosea. Wiki ya tano, ta! Herufi yenye mkia hiyo hapo! Nguchiro akapiga vigelegele peke yake.

Krismasi ikafika. Maneno ya Kipimbi yakajaa ukutani. Bibi Pimbi akaanzisha kwa sauti nyembamba. Pimbi wakapokea. Nyati akapokea. Twiga akapokea. Ndimi zikajikwaa, wakacheka, wakaimba tena. Wimbo ukapanda mpaka paa likatetemeka, tiii!

Ulipokwisha, bibi akamshika Nguchiro mkono. "Mjukuu wangu, wako pimbi wengine ng'ambo ya mto. Hao nao wamenyamaza. Naweza kuwapelekea kitu hiki?"

Siku hiyo Nguchiro hakuogopa mtu wa kumuuliza, "Nani aliwapa?" Hakumwomba mtu ruhusa. "Peleka, bibi," akasema. "Ni halali yenu kama ilivyo yetu."

Basi sikieni, wakubwa kwa watoto. Kanisa linalohubiri ukweli lisiimbe kwa kitu cha wizi. Na chombo cha ibada kiwe wazi, ili hata mnyonge aongeze herufi yake. Chenye kufuli humtumikia mwenye ufunguo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia, amuulize jirani yake.