Shanga Chini ya Ulimi

Sogeeni mekoni, wanangu, mnisikilize. Mwanakheri alikuwa na sauti ya kukwaruza kama mtungi unaoburutwa, na aliionea haya. Siku moja jini wa kisimani akampa shanga aiweke chini ya ulimi. Sauti ikawa tamu ajabu, akarudi nyumbani akiimba.

Watoto wake alikuwa amewausia wasimfungulie mgeni, kwa ajili ya zimwi.

“Fungueni, wanangu,” akaita mlangoni. “Fungueni, ni mama.” Mlango haukufunguliwa. Alipoita mara ya tatu, kitindamimba akajibu, “Mama haimbi vizuri hivyo. Wewe ni zimwi.”

Na zimwi lenyewe hilo, laja nyuma likinusa. Mwanakheri akaitema shanga, akakwaruza, “Fungueni.” Mlango ukafunguliwa, akaingia.

Zimwi likaiokota shanga, likaimba vizuri kweli. Ndani watoto wakaziba masikio, wakasema, “Mama, tuimbie wewe.”