Bajaji Iliyogawanywa Kama Ng'ombe

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe unayetafuna karanga, meza hiyo ya mwisho ufunge mdomo. Mwenye simu aizime. Nataka kimya, maana hadithi hii nikifika mwisho nitawauliza, na asiyesikiliza atajibu pumba tukamcheka mpaka kesho.

Palikuwa na ndugu watatu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kule juu ambako ukiangusha chungwa unaenda kuliokotea kwa jirani.

Wa kwanza aliitwa Kundaeli, na kipaji chake kilikuwa mikono. Angeweza kushusha mkokoteni wenye trei za mayai toka juu mpaka barabara kuu, na lisipasuke hata moja.

Wa pili aliitwa Ngianasia, na kipaji chake kilikuwa kulea. Kifaranga kilichokwisha kulegeza shingo, yeye akikitia kifuani jioni, asubuhi kinadai mtama.

Wa mwisho aliitwa Elinami, na kipaji chake kilikuwa umeme. Redio iliyotupwa jalalani, akiishika, utasikia taarifa ya habari.

Baba yao, Mzee Ndekirwa, alikuwa na mke mmoja tu, Mama Aikaruwa, na miguu ya mama huyo ilikuwa imekataa kazi. Haikukunjika, haikusimama. Kwa ajili ya miguu hiyo, mzee akauza miti yake yote ya mbao akanunua bajaji ya umeme. Majirani walimcheka. "Ndekirwa, kitu hakingurumi, hakinuki, tutajuaje kama kinakuja?" Naye akajibu, "Mtamwona mke wangu anapita." Na kweli walimwona akipita, kila siku ya soko na kila Jumapili, amevaa kitambaa cha kichwani, anapunga mkono kama bibi harusi.

Kisha mzee akaugua. Akawaita watoto awagawie mali. Sasa sikilizeni kosa lake, maana lilikuwa kosa la mtu mwema. Kwetu ng'ombe akichinjwa, kila mtu anajua nyama yake. Kidari kina mwenyewe, nundu ina mwenyewe, ngozi ina mwenyewe. Hakuna anayenung'unika. Basi mzee akaona aigawe na bajaji vivyo hivyo.

"Kundaeli, wewe ni mkubwa. Chukua mwili na magurudumu. Ngianasia, mabinti huwa hawapewi kitu, mimi nakupa betri, maana ndiyo moyo wake. Elinami, kitinda mimba hubaki na nyumba, basi baki pia na chaja na paneli za sola zilizo juu ya bati. Asiuze mtu sehemu yake. Atakayeuza, ameniuza mimi."

Mama alikuwa amekaa pale pembeni. Hakupewa kitu, kwa sababu kwenye mgao wa nyama, mama hutafutiwa fungu lake na watoto.

Mzee akafa. Na ng'ombe aliyegawanywa, wanangu, hatembei.

Bajaji ikakaa bandani kwa Kundaeli. Ngianasia akaichukua betri akaenda nayo kwa mumewe, ng'ambo ya bonde. Elinami akafungia chaja kabatini. Kila aliyeombwa alisema, "Aanze mwenzangu." Kundaeli alisema hatatia tairi jipya kwenye kitu kisichokwenda bila betri ya dada yake. Ngianasia alisema hatavusha betri bonde zima ili kaka yake aringe barabarani. Elinami alisema umeme wa nyumbani ananunua yeye, na hawezi kumnunulia kila mtu. Kuuza hawakuthubutu, kwa lile neno la baba. Kuondoka hawakuweza, kwa kuogopa kipande cha mtu kitaibwa.

Na mama? Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni. Asubuhi kigoda kiligeuzwa kuelekea njia, mchana kikageuzwa kuelekea migomba. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake.

Siku moja ikapigwa simu toka mjini. Anansia, mdogo wake mama, ndugu pekee aliyemsalia, amelazwa. Anamwita dada yake, na madaktari wamesema msichelewe.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nguzo za umeme zimeanguka, daraja limechukuliwa na maji. Pamebaki kivuko cha magogo ambacho gari halipiti. Pikipiki inapita, lakini miguu ya mama haipandi pikipiki. Upana wa kile kivuko ulikuwa upana wa bajaji.

"Mtanifikisha?" mama akauliza. Hakuwa analia. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi.

Ngianasia ndiye aliyeleta betri, akiisukuma kwenye toroli, matope mpaka magotini. Betri ya namna ile ukiiacha tupu muda mrefu inakufa, na ukiiweka penye unyevu inaoza. Yeye muda wote ule alikuwa ameilaza chini ya kitanda chake, ameifunika blanketi, na kila ilipopungua aliipeleka kwenye mashine ya kusaga, ikachajiwa kidogo kwa chaja ya mwenye mashine, mpaka nguzo zilipoanguka. Mumewe alikuwa amechoka. "Kitanda hiki sasa kina watu watatu," alisema, "na mimi ndiye ninayelala pembeni. Ukimaliza kulea, niite." Akahamia kwa mama yake. Ngianasia hakumwita, betri haikufa.

Elinami ndiye aliyeijaza. Umeme wa nyumbani haukuwepo, zilikuwepo paneli tu, na jua lenyewe la kuchungulia. Paneli hizo zilikuwa zinaendesha mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Mayai yale ndiyo yaliyokuwa njia yake ya kutoka. Angeuza vifaranga aende Babati, ambako rafiki yake alimwekea nafasi kwenye duka la vifaa vya umeme. Mayai mengine yalikwisha kuanza kugongwa toka ndani. Elinami akasimama akiyasikiliza, kisha akachomoa waya wa mashine akauchomeka kwenye chaja. Mpaka mchana betri imefika nusu, na ndani ya mayai kumenyamaza.

Kundaeli ndiye aliyeendesha. Tairi zilikuwa zimelika na breki zimeshika kutu, akampeleka ndama wake kwa fundi, akarudi na tairi na breki mpya. Ndama huyo alikuwa ameahidiwa kwa wakwe zake watarajiwa, na wakwe waliposikia walisema binti yao hataolewa na bajaji. Akampakia mama; dada yake na mdogo wake wakatembea nyuma mpaka kivukoni, wakamwelekezea magurudumu juu ya magogo. Kule mteremkoni hakukimbia hata kidogo. Bajaji ile, ukiishika vizuri wakati wa kushuka, hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Basi akaibana, akaibana, hakuwasha taa, hakupiga honi. Umeme aliouokota njiani ndio uliopanda kile kilima cha mwisho cha hospitali, bajaji ikafika langoni ikanyamaza hapo hapo.

Anansia alikuwa macho. "Dada, umechelewa," akasema. "Nilidhani umekuja kwa mgongo wa konokono."

"Nimekuja na bajaji ya watu watatu," mama akamjibu. "Konokono angetangulia."

Wakacheka. Wakashikana mikono mpaka nesi akawafukuza wageni. Siku ya pili Anansia alifariki.

Baada ya mazishi, kigoda kikiwa kimerudi mlangoni, mama akawaita wanawe.

"Baba yenu aliwafunga kwa kamba bila kukusudia," akasema. "Nami nilisikia neno lake kwa masikio yangu, na ninalifungua. Bajaji itakuwa ya mtu mmoja, nzima. Atakayeipata ni yule aliyenifikisha kwa mdogo wangu. Wengine wawili wako huru, waende watakako."

Heh! Mngesikia kelele.

"Ni mimi!" Kundaeli akasema. "Betri ingekwenda kwa miguu?"

"Ni mimi," Ngianasia akasema. "Kaka, ungeendesha bati tupu!"

"Ni mimi," Elinami akasema. "Dada, ulileta betri yenye njaa. Nani aliilisha?"

Mama akawaacha mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Vizuri. Na atakayeichukua, ananichukua na mimi. Siku ya soko, Jumapili, kliniki. Umeme atanunua yeye, tairi atabadilisha yeye, na betri ile imezeeka, mpya atatafuta yeye. Hataondoka hapa mpaka mimi niondoke."

Kila mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Kundaeli akakohoa. "Kusema kweli, mama, bila betri ya Ngianasia tusingefika."

"Hapana, kaka," Ngianasia akasema upesi, "ni Elinami aliyepoteza mayai yake."

"Mimi nilichomeka waya tu," Elinami akasema akitazama chini. "Aliyeendesha ni kaka."

Mama akawatazama mmoja mmoja. Akaomba kigoda kigeuzwe upande wa migomba.

Hapo ndipo walipokwama, wanangu, na ndipo nami ninapowakabidhi. Jioni ile Kundaeli aliondoka amerithi mwili na magurudumu. Ngianasia aliondoka amerithi betri, akaifunika blanketi. Elinami alibaki amerithi nyumba, chaja na paneli, na mashine yenye mayai baridi. Na mama yao alirithi kigoda.

Basi semeni, na mseme haraka, maana yuko pale mlangoni anangoja. Nani aliyemfikisha Mama Aikaruwa kwa mdogo wake? Na huyo mtakayemtaja, mtakuwa mmempa zawadi, au mmemfunga? Wewe wa karanga, anza. Ungeamua vipi?