Picha za Jikoni

Sogeeni, wanangu. Nanyi mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo. Mwenye simu aizime, mwenye mtoto ampe ziwa. Kimya kidogo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee. Mpiga picha akamletea karatasi ya bei. Mama akashika kalamu.

“Picha za kanisani, sawa. Za ukumbini, sawa. Za jikoni? Nani atatazama masufuria? Kata!”

“Mama, huko nyuma nako kuna watu.”

“Baba wee, harusi iko mbele! Kata, unipunguzie.”

Akapunguziwa. Basi, siku ikafika. Wapishi walikuwa wa kukodi, na yule mama hakuwaamini na nyama. Kanisani aliketi karibu na mlango, na baraka ilipotoka tu, mbio hadi kwenye masufuria. Alipoitwa kwenye picha ya familia, alijibu, “Nakuja, nakuja.” Mnamjua mama wa hivyo? Basi hakwenda.

Binti akasafirishwa kwa mumewe, mwendo wa siku mbili. Albamu ikaja. Mama akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Mashangazi wamo. Mwenyekiti wa kamati yumo, tena mara nane. Mbuzi wa jirani yumo! Yeye hayumo. Siku ya mwanawe, hayumo hata bega.

Wiki nzima akaipekua albamu ile. Mwishowe akajikokota hadi dukani kwa mpiga picha.

“Baba, mimi sionekani.”

“Unaonekana, mama. Ila upande ule ulioukata.”

Mpiga picha akatoa bahasha yenye picha moja. Mama huyo, kanga kiunoni, jasho usoni, anamlisha bibi harusi tonge la pilau kwa mkono. Binti kakusanya gauni lake jeupe asiguse masizi, kinywa wazi kama kifaranga. Wote wawili wanacheka.

“Mbona ulipiga?”

“Nililipwa kumfuata bibi harusi, mama. Yeye akakufuata wewe.”

Mama akakaa kwenye benchi la wateja, akalia huku anacheka.

“Nikulipe ngapi?”

“Siku ile ulipunguza wewe. Leo zamu yangu. Chukua.”

Sasa sisi. Tumewakata wangapi kwa sababu wako nyuma? Yule anayetufagilia hapa kila Jumamosi, nani analijua jina lake? Mbona mnainamisha vichwa? Tunadhani tunamkata mwingine, kumbe mstari unapita juu yetu wenyewe. Ashukuriwe Mungu, yeye hatufuati kwa bei tuliyoikata sisi. Anaingia hadi jikoni, kwenye moshi, anatukuta hukohuko na masizi yetu.

Yule mama alipofariki, picha aliirithi binti. Kanga akaipata mjukuu. Na ile kalamu ya kukatia watu? Hiyo tumeirithi sisi, wanangu. Iwekeni chini.