Sultani Aliyetembelewa na Jini

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika jumba la Sultani Mundhiri bin Shaibu, mtawala wa mji wa Kandawi na mashamba yake yote hadi mpaka wa chumvi ya pwani, lilikuwa dogo sana. Mkewe, Mwana Shufaa, alimpa gudulia la udongo amshikie wakati akivaa makubadhi yake. Akavaa la kulia, kisha la kushoto, akanyoosha mkono kulichukua gudulia, na akasema, "Leo twende wote, hata mpaka jiwe la kwanza." Na Sultani, aliyekuwa na sahani ya halwa mbele yake na barua tatu za kusomewa, akajibu, "Kesho, inshallah."

Mwana Shufaa alikuwa na desturi, tangu aolewe, ya kwenda kila asubuhi kwa miguu yake mpaka chemchemi ya Rehani iliyo juu ya mlima, njia yenye mawe saba ya kupumzikia, na kurudi na maji ya kunywa nyumbani, ijapokuwa jumba lilikuwa na watumishi sitini. Siku ile alikwenda na akarudi. Adhuhuri homa ikamshika, na siku ya tatu akafariki.

Mji ukalia, na katika ukumbi wa jumba likatandikwa jamvi la tanga, la kukalia msiba, na Sultani akakaa juu yake. Sasa, katika Kandawi ilikuwa ada kwamba tanga la jumba lisipoanuliwa, ngoma ya arusi haipigwi mjini, na hakuna awezaye kulianua jamvi ila mfiwa mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu yake na kulikunja kwa mikono yake. Siku arobaini zikapita, Sultani hakusimama. Mwaka ukapita, na wa pili, na jamvi bado lilikuwa chini.

Na katika kidole chake alikuwa na pete ya mababu, na ndani ya pete alikuwamo jini aliyeitwa Harmushi, ambaye hapo zamani alikuwa mwembamba kama moshi wa udi, na kazi yake ilikuwa kupeleka salamu kwa masultani wa mbali. Siku ya saba ya msiba Sultani aliitazama miguu yake akaona ni mizito, akaisugua pete.

"Labeka, maulana," akasema Harmushi.

"Nipunguzie," akasema Sultani.

"Nikupunguzie nini?"

"Kila kinachochosha."

Na Harmushi akatii, kwa kuwa majini wa pete hawajui kutii nusu. Akambeba kutoka jamvini kwenda kuoga, na kutoka kuoga kurudi jamvini, na akawa humwinulia mkono anapotaka kujikuna. Akamletea pilau lenye samli, na visheti, na halwa za miji saba, na nyama akaiponda mpaka ikawa laini kama uji ili meno ya maulana yasipate taabu. Naye Sultani akala bila njaa na akaacha bila kushiba, na miguu ikavimba, na pumzi ikawa fupi, na usingizi ukamkimbia, na mambo aliyoyasikia asubuhi hakuyakumbuka jioni. Kidole chenye pete kikanenepa mpaka pete ikazama ndani ya nyama. Waziri Ghalibu akaleta matabibu, nao wakampa mafuta na mafusho, na wakaondoka wakitikisa vichwa.

Ijumaa moja ya mwaka wa tatu, Sultani alitaka kumkumbuka mkewe, kama alivyokuwa akifanya kila siku, na sura yake haikuja. Alikumbuka rangi ya kanga. Alikumbuka gudulia. Mahali pa uso palikuwa patupu. Akaisugua pete kwa hofu ambayo hakuwa nayo hata siku ya maziko.

"Niletee sura ya Mwana Shufaa."

Harmushi akainamisha kichwa. "Maulana, naweza kuleta kitu chochote kilichopo mahali. Sura ya bibi haipo mahali popote ila ndani yako, na humo mimi sina njia."

Basi Waziri akaulizia mjini ni nani aliyemwona marehemu zaidi asubuhi, na watu wote wakamtaja Bi Mwanakombo, muuza mboga wa mlangoni pa mlima, aliyekuwa akipanda naye kwenda kumwagilia bustani zake. Akaitwa. Akaja na kikapu chake kichwani, akasimama mbele ya jamvi, akapiga goti.

"Nashika miguu yako, maulana," akasema, "ijapokuwa sioni kama bado unaitumia."

Waziri akakohoa. Sultani akasema, "Mwache. Mama, unaikumbuka sura ya mke wangu?"

"Ninaikumbuka. Lakini yangu haitakufaa, ni ya kwangu. Yako umeiweka wapi?"

"Imepotea."

Bi Mwanakombo akashusha sauti. "Pole, baba. Basi nitakwambia ninachokijua. Katika kila jiwe la ile njia alikuwa na jambo lake. Jiwe la pili alikuwa akihesabu ndege. La nne alikuwa akila machungwa mawili, na maganda akiyatia humu kikapuni mwangu, kila siku, nikasema mpaka nikachoka. La tano alikuwa akishika ubavu na kucheka. Ukitaka kumwona, huko ndiko aliko."

Sultani akaisugua pete papo hapo, na Harmushi akambeba, na kabla Bi Mwanakombo hajafumba mdomo walikuwa jiwe la tano, na Sultani akaona jiwe. Akapelekwa jiwe la nne, na la pili, akaona mawe. Aliporudi ukumbini alikuwa amekasirika, akaamuru mawe yote saba yaletwe, na Harmushi akayaleta, yakapangwa juu ya jamvi la tanga yakiwa na udongo na siafu.

Bi Mwanakombo akayatazama moja moja.

"Haya ni mawe, maulana," akasema. "Yarudishe, watu hukalia."

Na hapo ndipo alipomtazama vizuri Harmushi aliyekuwa akijipangusa vumbi, na akashangaa, maana jini alikuwa amejaza mlango mzima, na mashavu ya miguu yake yalikuwa kama vigogo, na kifua kimetanuka, na macho maangavu kama ya mtu aliyelala vizuri.

"Na huyu bwana amelishwa nini hata akanawiri hivi?"

Sultani naye akamtazama mtumishi wake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. "Mjibu," akasema.

Harmushi akaona haya. "Maulana, uliniamuru nikupunguzie. Kitu kikipunguzwa kwako hakipotei. Hatua niliyokubebea imeingia katika mguu wangu, na pumzi uliyoiacha imeingia katika kifua changu, na usingizi usioupata ninaulala mimi. Nilidhani unajua."

"Nirudishie vyote, sasa hivi."

"Amri hiyo siiwezi. Viliingia kimoja kimoja, na vitatoka kimoja kimoja. Kila hatua utakayoipiga mwenyewe itanitoka, basi."

"Kutakuwa na maumivu?"

"Kwako au kwangu, maulana?"

"Kwangu."

"Ndiyo," akasema Harmushi.

Bi Mwanakombo akakitua chini kikapu chake na akakaa juu ya jiwe mojawapo. "Sikuja kwa ajili yako peke yako, maulana, nisikudanganye. Nina binti, Kazija, amechumbiwa tangu kabla ya tanga hili. Mchumba alikuwa na nywele nyeusi. Sasa zimeanza kuwa nyeupe hapa panjani, na yeye bado anakuja kila Alhamisi kuuliza kama jamvi limeanuliwa. Na mjini wako wengine kama wao, wengi. Simama, baba. Ukianguka, utaangukia jamvi."

Sultani akasimama. Akapiga hatua nne mpaka kizingiti, na jini akamfuata nyuma, mikono imenyooka kumdaka. "Usiniguse," akasema Sultani, na amri hiyo ilikuwa ngumu kwa Harmushi kuliko kuhamisha milima. Hatua nne, na kurudi nne, kisha Harmushi akaamriwa kuyarudisha mawe mahali pake. Na Bi Mwanakombo akatoa kikapuni mchicha, na kunde, na unga wa mtama, akaingia jikoni kwa Sultani bila kuuliza, na wapishi wakampisha. Sultani akala, na kwa mara ya kwanza ilimbidi atafune, na akagundua kwamba kunde zina ladha.

Kesho yake wakafika uani, na siku ya sita wakafika langoni, na siku ya kumi wakafika jiwe la kwanza, lile aliloombwa alifikie zamani. Akakaa juu yake muda mrefu, na Bi Mwanakombo akajishughulisha na kuchambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

Siku ya kumi na moja mvua ikanyesha wakiwa njiani, na Sultani akahisi ubaridi na upweke wote wa miaka mitatu umemkalia mabegani, akaisugua pete akasema, "Nibebe." Harmushi akambeba mpaka jamvini, na akaletewa halwa, akaila yote. Siku tatu hakutoka, na Harmushi akanenepa tena. Siku ya nne Bi Mwanakombo akasimama mlangoni.

"Tunaanza jiwe la kwanza," akasema. "Nimelitazama nikipita. Safari hii halijahama."

Sultani akacheka, na kicheko kile kilimuumiza mbavu, maana hakikuwa kimetumika. Wakaenda.

Tangu siku ile akawa anakwenda kila asubuhi, mvua au jua. Halwa ikawa ya Ijumaa tu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Uji wa mtama asubuhi, samaki wa kuchoma na mboga mchana, matunda, na maji. Aliacha kula kabla tumbo halijamwambia aache, kwa sababu Bi Mwanakombo alimweleza kwamba tumbo ni jirani mzito wa kusikia, na jibu lake huchelewa. Uvimbe ukapungua miguuni. Usingizi ukarudi, kwanza saa moja, kisha mbili, kisha mpaka adhana. Akaanza tena kusikiliza mashauri ya watu, na kuyakumbuka jioni. Huzuni haikuondoka, wala hakuna aliyemwahidi kwamba itaondoka, lakini alipokuwa akitembea alipata kuitua chini kwa muda, kama mtu anayepumzisha mikono kabla ya kuuinua tena mzigo ulio wake.

Na kila alipopata nguvu, Harmushi alipungua, mpaka watu wakaona ukuta ulio nyuma yake.

Ilikuwa katika mwezi wa nne walipopita jiwe la nne, wakala machungwa mawili mawili, na Sultani akatia maganda katika kikapu cha Bi Mwanakombo, naye hakusema kitu. Wakapanda. Karibu na jiwe la tano njia inasimama wima, na hapo kichomi kikamshika Sultani ubavuni, kikali kama sindano. Akaubana ubavu kwa mkono, akainama, na kwa sababu ilikuwa ni ajabu mtawala wa Kandawi kushindwa na kilima cha mbuzi, akacheka.

"Hapo hapo," akasema Bi Mwanakombo taratibu. "Na mkono huo huo."

Na sura ikaja. Haikuwa sura ya siku ya arusi, yenye wanja na dhahabu, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitafuta miaka mitatu. Ilikuwa uso wenye jasho, mwekundu kidogo mashavuni, nywele zimegandamana na paji, mdomo wazi kwa kutweta na kwa furaha: uso ambao Mwana Shufaa alirudi nao nyumbani kila asubuhi kwa miaka kumi na minane, akiuleta mbele ya sahani ya halwa na barua tatu. Alikuwa ameuona kila siku. Hakuwa amejua kwamba anautazama.

Akakaa juu ya jiwe la tano akalia, bila sauti, na hakuna aliyemharakisha. Kisha wakamaliza mawili yaliyobaki.

Chemchemini Sultani aliingiza mikono majini anywe, na pete ikateleza kidoleni kama haikuwahi kukwama, ikazama, ikatulia juu ya changarawe. Harmushi alikuwa amesimama kando, mwembamba kama moshi wa udi.

"Maulana, pete."

"Naiona," akasema Sultani. "Ni yako. Nenda."

Jini akaiokota, akaigeuza vidoleni. "Nimetumikia masultani tisa, na wote walinipa mizigo. Wewe ni wa kwanza kunipokonya. Nilikuwa nimeanza kuyapenda yale mashavu ya miguu." Akainama, na upepo ukamchukua.

Sultani akashuka kwa miguu yake, akaingia ukumbini, akasimama juu ya jamvi, kisha pembeni yake, akaanza kulikunja kwa mikono yake kutoka upande wa kibla. Lilikuwa zito, na vumbi lake lilikuwa la miaka mitatu na siafu wa mawe saba. Alipolifunga kamba, Waziri Ghalibu alitoka barazani kuuambia mji, na hakuhitaji kumaliza maneno, maana ngoma ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia.

Kazija akaolewa Alhamisi iliyofuata, na bwana arusi akapaka hina kichwani ili nywele nyeupe zisionekane, na zikaonekana. Sultani aliwatunuku bustani iliyo chini ya chemchemi pamoja na maji yake, wao na uzao wao, na Bi Mwanakombo akasema bustani ni nzuri ila ina mteremko. Nyumba arobaini na mbili ziliozesha mwezi ule katika Kandawi. Na watu wa huko wakiisimulia habari hii huongeza kwamba mtu hutumikiwa katika mambo mengi na ikawa heshima, lakini kutembea kwake, na kutafuna kwake, na kuomboleza kwake, akimwachia mwingine, yule mwingine ndiye atakayeishi.

Asubuhi iliyofuata arusi, Sultani alilitoa gudulia katika shubaka lilipokuwa tangu siku ile. Hakuwa na mtu wa kumshikia. Basi akaliweka chini karibu na mlango, akavaa kubadhi la kulia, kisha la kushoto, akaliokota, akatoka.